Mikono Nyuma

Kazi ya makumbi haina masikio. Anayetaka kulijua hilo aende Kiegeani siku za bamvua, maji yakiwa yametoka mbali, ashuke mpaka topeni walikokaa wanawake, kila mmoja na jiwe lake mbele na gongo lake mkononi, wanapiga. Kumbi la nazi hufukiwa topeni miezi na miezi mpaka lioze, kisha huchimbuliwa likinuka na kupigwa mpaka ligeuke usumba. Usumba husokotwa kamba, na kamba ndiyo iliyofunga kila paa, kila kitanda na kila chombo katika kisiwa hiki cha Mafia. Wadachi walipokuja na kujisifu kwamba wao ndio walioikaza nchi, bendera yao yenyewe ilipanda mlingotini kwa kamba ya Kiegeani. Hilo sijaliona limeandikwa popote, basi liandikwe hapa.

Wanawake wale wakipiga wote pamoja, mtu hasikii hata akipigiwa ukelele sikioni. Kwa hiyo hawapigi ukelele. Husema kwa mkono usioshika gongo. Kiganja kikilegezwa na kuangushwa, maana yake nimechoka. Vidole vikikwaruza kidevu, akida anakuja, kwa sababu ya ndevu zake. Kidole cha shahada kikielekezwa juu, huyo ni Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyewafunza darasani. Mama zao walisema hivyo, na mama wa mama zao. Watasengenya, watatukanana, wataposa na kuvunja ndoa za watu, na gongo halisimami.

Mwanaharusi binti Mfaume alimzaa Biubwa akiwa hasikii. Mume wake, Shaabani, alichukuliwa upagazi bara watu wa huko walipoinuka kupigana na Wadachi, akabebeshwa mizigo ya askari, hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Mwanaharusi akabaki na gongo lake na mtoto mgongoni. Ndivyo Biubwa alivyokua, kichwa juu ya bega la mama yake, akitazama mikono ya watu. Aliyajua maneno yao kabla hajaota meno. Kijijini, mbele ya wanaume, aliitwa bubu. Topeni hakuwa bubu. Topeni alikuwa mbea.

Sasa kilichomponza mtoto huyu ni maiti ya mtu mwingine.

Kulikuwa na mzee mmoja, Matano, mfuma nyavu, naye kiziwi tangu kuzaliwa. Alipokufa, Mwalimu Ussi aliyekuwa akisomesha chuoni hakuwapo, alikuwa amekwenda hitimani Kirongwe. Watu wamemwosha Matano, wamemkafini, wamemweka mbele, safu zimenyooka, mara akajitokeza Mbaraka. Huyu Mbaraka kila kijiji kinaye wake: sauti kubwa, elimu ya juzuu moja. Akasema, "Jamani, tunamsaliaje? Nani kati yenu aliwahi kumsikia akitamka shahada?"

Wakamnyamazisha. Wakamsalia Matano, wakamzika. Lakini neno lilikwisha toka, likavuka ua, likawafikia wanawake waliokuwa jikoni wakipika wali wa matanga. Wengine walimtukana Mbaraka na kuendelea kukuna nazi. Mwanaharusi hakumtukana. Alilichukua lile neno akaenda nalo nyumbani.

Kwa nini hakumwuliza Mwalimu Ussi aliporudi? Nimewauliza wanawake wa Kiegeani swali hilo, na wote wamenitazama kama mjinga. Mwanamke anayenuka makumbi atasimama wapi mbele ya mwalimu, aseme nini? Usumba ukiingia kwenye ngozi hautoki kwa sabuni wala kwa udi. Wanawake wale walizoea kupita nyuma ya msikiti upande wa chini ya upepo, harufu isiingie ndani. Hawakukatazwa na mtu. Walijikataza wenyewe, na hakuna mwanaume aliyewaambia wasifanye hivyo.

Mwaka uliofuata ndipo Bibi wa misheni alipokuja.

Alikuja na Akida Hamoud bin Shamte, mkusanya kodi wa Wadachi na mtu wa shamba kubwa la minazi, babu yake wa Maskati na mama yake wa papa hapa. Akida alisimama kwenye mchanga mkavu, kanzu ameishika isiguse tope, akawapungia wanawake waache kupiga. Kijakazi ndiye aliyeanza kumjibu. Bi Kijakazi alikuwa mtumwa katika nyumba ya mzee Shamte, na Hamoud alilelewa mgongoni mwake, papo hapo topeni, gongo likipanda na kushuka.

"Shuka basi, mwanangu," akamwambia. "Mbona leo unaliogopa tope? Lilikujua ukiwa na kamasi."

Mabega ya wanawake yakacheka. Akida akajikohoza.

"Shikamoo, Bi Kijakazi."

"Marahaba. Na huyo mweupe umemwokota wapi?"

"Huyu ni Bibi Gertruda, wa misheni. Ana shule bara, ya watoto mabubu. Amekuja kwa heri."

Bibi Gertruda alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, macho ya manjano kwa homa. Kiswahili alikijua, lakini alikitamka kwa kuachama kinywa, neno moja moja, kama anayemlisha mtoto. Somoe, mmoja wa wapiga makumbi, ambaye hakuna mtu aliyepita Kiegeani bila kubandikwa jina naye, alishika mdomo wake wa chini akauvuta. Tayari: Bibi Midomo. Biubwa akaangua kicheko, kile kicheko chake cha kukwaruza, na Bibi akageuka.

"Mtoto huyu, hasikii?"

"Hasikii, bibi," akajibu Mwanaharusi.

"Wala hasemi?"

"Anasema mno," akadakia Somoe. "Jana tumembembeleza apumzike."

Bibi hakuelewa mzaha. Akachutama mbele ya Biubwa, topeni, na gauni lake jeupe, jambo ambalo akida hakuthubutu, akamshika kidevu kwa upole. Sitamnyima haki yake: alikuwa na huruma. Huruma ya kweli. Nimeishi nikaona kwamba watu waliotuumiza hawakukosa huruma, ila walikuja nayo imekwisha kukatwa na kushonwa kwao, nasi tukaambiwa tuivae.

Akaeleza. Kwao Ulaya kuna watu wema, hata watoto wadogo, kila Jumapili hutia sadaka sandukuni kwa ajili ya mabubu wa nchi hii. Kwa sadaka hiyo wamejengewa shule. Pale mtoto asiyesikia anafundishwa kutazama midomo, na anafundishwa kusema. Si kwa mikono kama nyani, samahani, akasema, bali kwa kinywa, kama mwanadamu.

Mwanaharusi aliweka gongo chini. "Kwa kinywa? Neno litoke?"

"Litoke."

"Neno lolote?"

"Lolote, Mungu akipenda."

Kijakazi, nyuma ya mgongo wa Bibi, akatikisa mkono: usimpe. Somoe akatikisa: usimpe. Mwanaharusi hakuwatazama. Akida akamwona anasita, akadhani anajua bei yake.

"Kwenye kazi ya barabara ya Wadachi sitakutia tena," akasema. "Na mtoto atarudi kila Ramadhani akae nawe mpaka Sikukuu. Mimi mwenyewe shahidi."

Akida alikwenda zake akiamini kwamba amemtoa mtoto kwa mama yake kwa kazi ya barabara. Aliamini hivyo miaka miwili. Mwanaharusi angalivunja mawe ya barabara mpaka Ras Kisimani na kurudi, kama ingekuwa hilo tu. Yeye alilitaka neno moja. Mtoto alitamke mara moja, watu wawili walisikie, kisha siku akifa asisimame Mbaraka mwingine mbele ya maiti yake na kuuliza. Kwamba neno hilo ataletewa na Wakristo, yeye aliona ni sawa na kununua msahafu kwa Banyani: muuzaji si hoja.

Biubwa aliondoka amevaa kanga mpya ya mama yake. Alisema kwa mikono mpaka mashua ikawa mbali, na mama yake akamjibu amesimama majini, na hakuna kati yao aliyeelewa ni safari ya muda gani.

Ramadhani ikaja. Mtoto hakuja. Mwanaharusi akaenda kwa akida, akakaa kwenye ngazi ya chini.

"Bahari mbaya," akida akamwambia.

Sikukuu ikapita. Akarudi.

"Shule haijafunga."

Akarudi tena. Safari hii akida alimtolea picha aliyoletewa na watu wa misheni, imebandikwa kwenye karatasi ngumu. Biubwa amevaa gauni, nywele zimekatwa, amesimama kando ya kiti. Mwanaharusi aliigeuza, akatazama nyuma ya ile karatasi, akaigeuza tena.

"Mikono yake iko wapi?"

"Nyuma, si unaona? Ndio adabu yao ya kupiga picha."

"Amekonda?"

"Hakukonda, Mwanaharusi. Anakula nyama. Picha hizi zinauzwa kwao Ulaya, watu wanamwona, wanazidi kutoa sadaka. Mtoto wako maarufu, mama. Basi, niache, nimechoka."

Na kweli alikuwa amechoka. Mdachi alimdai kodi na watu wa barabara, watu walimdai huruma, misheni ilimdai mabubu. Lakini kuna wanaochoka kwa kubebeshwa na kuna wanaochoka kwa kubebesha wenzao, na mimi uchovu wa akida siuweki kwenye mizani moja na wa yule aliyekaa kwenye ngazi.

Ramadhani ya pili nayo ikaja peke yake. Katika kumi la mwisho, Mwanaharusi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alioga, akavaa kanga iliyokuwa haijawahi kushuka topeni, akaenda mpaka mlango wa Mwalimu Ussi, akasimama mbali, upande wa chini ya upepo.

"Mwalimu, shikamoo. Nataka dua ya mtoto aliye mbali."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, sikusikii." Alikuwa mzee mfupi, jicho moja limeingia mtoto. "Mtoto yupi?"

"Biubwa. Yule bubu. Niliwapa misheni wamfunze kutamka shahada."

Mwalimu aliacha kuhesabu tasbihi. "Misheni wamfunze shahada?"

"Wamfunze kutamka. Shahada ningempa mimi akirudi."

"Kwani hana?"

"Atakuwaje nayo, mwalimu? Hana ulimi."

Uso wa Mwalimu Ussi ukawa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba imeungua naye alikuwa na maji ndani. "Alikuwa akisali nawe?"

"Kila sala. Hufuata nifanyavyo."

"Ukikaa tahiyatu, ukainua kidole, yeye hufanya nini?"

"Huinua."

"Anajua unamkusudia nani?"

Mwanaharusi akainua kidole cha shahada juu, kama wafanyavyo topeni. "Hili ndilo jina Lake kwetu. Analijua tangu hajatembea."

"Basi ndiyo shahada yake, mwanangu. Ishara ya bubu ikifahamika, sheria inaihesabu ni tamko lake. Ananunua kwayo, anaoa kwayo, anashuhudia kwayo. Limo vitabuni tangu kale. Nani alikwambia vingine?"

"Mbaraka. Siku ya Matano."

"Na mimi hukuniuliza?"

Mwanaharusi alitazama mikono yake, kucha nyeusi kwa tope lisilotoka. "Nanuka, mwalimu," akasema.

Miaka yote mzee yule alisomesha watoto wa wanaume hatua chache kutoka topeni, na hakuwahi kushuka.

Mwanaharusi alirudi kwenye makumbi. Wenzake wanasema hakulia. Alipiga tu, na mkono wake huru uliwekwa gotini, hausemi kitu.

Baada ya mfungo pili, habari ilishuka na akida. Anakuja mgeni kutoka Ulaya, mzee mkubwa wa wale wanaokusanya sadaka. Ameiona picha, na anataka kupaona kijijini kwa yule bubu aliyefunguliwa kinywa. Bibi Gertruda atamleta, na mtoto atasema mbele ya watu wote, pale pale Kiegeani. Kisha watarudi bara, na mtoto pamoja nao.

"Na siku hiyo," akida akasema, "gongo lisilie. Sauti yake ndogo. Atakayepiga nitamtia ndani."

"Siku hiyo ni bamvua kubwa, akida," Somoe akamwambia. "Mashimo ya mbali hufunguka siku hiyo. Tusipochimbua, makumbi yataoza yawe uji."

"Nimechoka na makumbi yenu."

"Na sisi tumechoka nayo, mwana wa Shamte. Lakini wewe hukulala kwenye kitanda cha chuma utotoni. Ulilala juu ya kamba."

Siku ikafika. Mgeni aliwekewa kiti kwenye banda la kuanikia usumba. Mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole, alivua kofia kwa kila mtu, hata kwa mbuzi, wasema watani. Wanaume walisimama kwenye mchanga, Mwalimu Ussi mbele na Mbaraka nyuma yake. Wanawake waliambiwa wakae palepale topeni, kazini pao, kwa kuwa mgeni alitaka kuwaona kazini, ila wasifanye kazi.

Biubwa akaletwa na Bibi. Amerefuka. Gauni, viatu, soksi. Mikono yote miwili nyuma, mmoja umeshika kifundo cha mwingine. Aliwatazama wanawake, akamwona mama yake, na kila mtu aliona amemwona, maana uso ulisogea mbele na mwili ukabaki.

Bibi alisimama kando yake, akamwekea vidole viwili kooni, akaachama kinywa chake mwenyewe taratibu. Biubwa akamtazama midomo.

"Ni. Me. Po. Na."

Sauti ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anayesukuma sanduku kwenye sakafu. Wanaume wakashtuka. "Mashaallah!" akasema Mbaraka, yule yule wa siku ya Matano. Mgeni akatoa leso akafuta macho. Nadhani silabi zile zilimlipa Bibi kwa usiku wake wote wa homa.

Mwanaharusi alikuwa amelipata alilolitaka. Neno limetoka kinywani, watu wamelisikia. Akainua mkono wake: mwanangu.

Biubwa aliona. Mabega yakapanda, viwiko vikacheza. Mikono haikuja.

Mama akarudia: mwanangu, mimi hapa. Biubwa akamtupia Bibi jicho, akarudisha kwa mama, akabaki amesimama. Haikufungwa kwa kitu, ile mikono. Ingefungwa kamba, mama yake angejua pa kushika. Kamba ndiyo kazi yake. Hii haikuwa na fundo.

Hapo Mwanaharusi akakaa. Akavuta kumbi moja lililooza, akaliweka juu ya jiwe, akanyanyua gongo, akapiga.

"We!" akida akapaza sauti. "Mwanaharusi!"

Akapiga. Somoe akamtazama, akavuta lake. Kijakazi, na uzee wake, akavuta lake. Mara wote, safu nzima, na ule mshindo unaojulikana Kiegeani ukapanda mchangani mpaka bandani. Akida alionekana akipayuka, mishipa imemtoka, na hakuna neno lililofika. Mgeni akakinga sikio kwa kiganja, akamwuliza Bibi kitu. Bibi akaachama, akafumba, akaachama. Mgeni akatikisa kichwa: hasikii. Bibi akamwinamia sikioni. Hasikii.

Basi Bibi Gertruda akainua mikono yake. Akaisukuma chini kuwaelekea wanawake: basi, basi, nyamazeni. Akagusa sikio lake, akamwonyesha mgeni, akamwonyesha mtoto, akaunganisha viganja kuomba. Mikono ile mirefu ilisema yote, vizuri kabisa, na kila mwanamke aliielewa.

Biubwa naye alikuwa akiitazama. Huko shuleni hakuwahi kuiona ikisema kitu.

Mkono wa kulia wa mtoto ulitoka nyuma polepole, kama mtu anayechungulia mlangoni kama wenye nyumba wameamka. Ukafika mbele ya gauni. Kiganja kikalegea, kikaanguka. Nimechoka.

Kisha wa pili ukaja, na hapo hakuna aliyeweza kuufuata vizuri isipokuwa wenyewe wa topeni. Ulikwenda mbio, ukikwama, ukirudi, maneno mengine ameyasahau akayaonyesha kwa mwili mzima. Magongo yakanyamaza moja baada ya jingine, kwa kuwa mwanamke hawezi kupiga na kulia na kujibu kwa mkono mmoja.

Mgeni akasema kitu kwa lugha yao, akitabasamu. Bibi akamgeukia akida.

"Anasema nini?"

Miaka miwili amekaa na mtoto huyu, akimlisha, akimvisha, akimwuguza, akimwombea. Akamwuliza akida anasema nini.

Akida Hamoud alitazama chini. Angeweza kusema, hasemi kitu, bibi, anacheza. Angeweza kusema, anamsalimu mama yake. Mgeni angepanda mashua na mtoto, na yeye akida angebaki mtu mwema kwa Wadachi. Alikuwa tayari kufumbua mdomo. Lakini Kijakazi alikuwa amesimama. Yule mama aliyembeba mgongoni, bibi kizee na kumbi miguuni, akamtazama sawasawa, akaweka vidole midomoni mwake akavitoa kumwelekea: sema. Ndivyo alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto, akikwepa kukiri nani amevunja mtungi.

"Anasema amechoka," akida akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anasema huko akisema kwa mikono anawekwa peke yake chumbani. Anauliza…" Akasita. "Anamwuliza mama yake kosa lake lilikuwa nini hata akamfukuza."

Mwanaharusi alikuwa akijibu, tope mpaka magotini, akipanda mchangani.

"Na huyo anasema nini?"

"Anamwambia hakufukuzwa. Kosa si lake, ni lake yeye mama. Anasema…" Akida akafuta uso. "Anasema kitu alichomtuma akakitafute, kumbe mtoto alikuwa nacho."

"Kitu gani?"

Mwalimu Ussi ndiye aliyejibu, kutoka kwenye safu. "Shahada, bibi. Alimleta kwenu apate kutamka shahada. Ni kosa letu sisi, hatukumwambia kwamba anayo."

Bibi alikaa kwenye ukingo wa banda. Wanawake wanasema alikuwa mweupe kuliko gauni. Mwanaharusi alimfikia mtoto, akamshika, na tope likaingia kwenye gauni jeupe mpaka shingoni.

"Bado hajamaliza," Bibi akasema. "Miaka mingine kidogo angesema kila kitu. Mwanaharusi, nilimpenda."

"Najua, bibi. Amenenepa." Hakuwa akimkejeli. "Lakini yeye alikuwa akisema kila kitu. Nyinyi mmemfunza neno moja."

Mgeni aliuliza tena. Bibi akamwambia maneno machache ya kwao. Hatukujua alimwambia nini, na mpaka leo hatujui. Yule mzee alitazama viatu vya Biubwa, akakunja leso yake, akavaa kofia. Mbele ya mgeni yule hakuna askari aliyeweza kuitwa kumvuta mtoto. Ndivyo wanawake walivyopata kubaki naye, na si kwa wema wa serikali.

Biubwa alivua viatu akaviweka juu ya jiwe, soksi ndani, kama alivyofunzwa, akashuka topeni. Bibi Gertruda aliviokota mwenyewe, akaenda navyo kwenye mashua amevipakata.

Wanaopenda hadithi ziishie hapo waishie hapo. Mwezi uliofuata akida aliwatia wanawake wote wa makumbi kazi ya barabara, Mwanaharusi wa kwanza, na akawa hapiti tena upande wa Kijakazi. Makumbi ya mashimo ya mbali yaligeuka uji kama alivyosema Somoe. Miaka baadaye alipita mchuuzi wa vitabu vya misheni, na katika picha zake alikuwamo Biubwa, bado mdogo, bado kando ya kiti. Huko ng'ambo sanduku lilikuwa bado linajaa kwa ajili yake, na watoto wa watu walikuwa bado wanamwombea mtoto aliyekuwa Kiegeani akipiga makumbi. Hakuna aliyewaambia. Sadaka ilikuwa nzuri, nani aikate?

Na Biubwa? Topeni alirudi kuwa mbea, ingawa si mara moja. Kila akipita mtu aliyevaa viatu, gongo lilimponyoka na mikono ikaenda nyuma yenyewe. Na katika sala, mama yake akifunga mikono kifuani, yeye alifunga yake mgongoni. Mwanaharusi mwanzoni alikuwa akiivuta mbele baada ya kutoa salamu, kila sala, mpaka naye akachoka. Akaacha. Akawa anakaa tu tahiyatu, anainua kidole chake, na anakichelewesha pale juu, hakishushi, kwa pembe ya jicho anamtazama mtoto, anangoja chake.

Mwalimu Ussi alisema hakuna ubaya kungoja.